Kifusi Chini ya Jamvi: Kuchagua na Kushindilia Udongo wa Kujazia Kariakoo na Bonde la Msimbazi



Tangu jengo la Mtaa wa Indira Gandhi liporomoke Machi 29, 2013 na kuua watu 36, na tena baada ya lile la Kariakoo kuporomoka Novemba 16, 2024, mazungumzo yetu kuhusu usalama wa majengo yametawaliwa na nondo, zege na vibali. Ni haki yake. Leo naomba tushuke hadi kwenye kifusi kinachojazwa kati ya kuta za msingi kabla ya kumwaga jamvi. Kifusi kibaya hufanya kazi yake polepole: sakafu inapasuka, kuta za vyumba zinaachana na jamvi, mabomba ya maji taka yanakatika chini kwa chini, na mwenye nyumba analaumu saruji.

Kwanza tujue tumesimama juu ya nini. Mitaa ya Kariakoo imekaa juu ya mchanga. Ukiteremka Jangwani na Kigogo, unakuta tope na mfinyanzi ulioletwa na Mto Msimbazi kutoka milima ya Pugu. Mita moja ya kifusi kilichoshindiliwa ina uzito wa karibu tani 2 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo anayeinua kiwanja mita moja na nusu ili akwepe mafuriko kama yale ya Desemba 2011, ameitwisha ardhi hiyo laini tani 3 kwa mita ya mraba kabla hajapanga tofali la kwanza. Itadidimia, hata kifusi kiwe kizuri namna gani, na maji yaliyokuwa yakituama pale yatahamia kwa jirani. Bondeni, udongo wa chini upimwe kabla ya kununua wa juu, na pengine jibu la kipimo ni kwamba pasijengwe.

Sasa lori la kifusi limefika. Nyumba za zamani za Kariakoo zinabomolewa kupisha maghorofa, na mabaki yake huuzwa kama kifusi kwa mtu mwingine: lipu, vipande vya mbao, mifuko ya plastiki, mizizi ya mwarobaini. Mbao zikioza au zikiliwa na mchwa, huacha mapango chini ya jamvi. Udongo mweusi wa bondeni nao huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, kwa hiyo sakafu haipumziki. Mchanga wa kuchimba mtoni Msimbazi mimi naukataa moja kwa moja: umechanganyika na taka, na kuuchimba kunabomoa kingo zilizo nyuma ya nyumba za watu.

Tunachotaka ni moramu au udongo mwekundu wenye changarawe, mchanga wa chembe kubwa na ndogo, na mfinyanzi kiasi cha kushikanisha tu. Kabla lori halijamwaga, tia udongo kidogo kwenye chupa safi ya maji, tikisa, weka chini. Mchanga hutuama mara moja. Mfinyanzi hubaki ukichafua maji kwa saa nyingi. Chupa ikionyesha mfinyanzi ndio mwingi, lori ligeuze. Kwa jengo la ghorofa chupa haitoshi, sampuli iende maabara.

Jambo lililonileta hapa hasa ni maji. Mwaka 1933 mhandisi Ralph Proctor wa Los Angeles alionyesha kwamba kila udongo una kiasi chake cha unyevu ambapo pigo lilelile huubana kuliko kwa unyevu mwingine wowote. Ukiwa mkavu, chembe husuguana na kugoma kusogea. Ukizidi maji, maji yenyewe hushika nafasi ya chembe. Wengi wetu tunajaza mwezi wa Agosti, udongo ukiwa vumbi, tunapiga mpaka kisigino hakiachi alama, tunaridhika. Ugumu huo ni wa ukavu. Ndani mmebaki matundu, na masika yakilowesha kifusi, chembe huteleza na tabaka zima hushuka kwa mkupuo. Fundi mwingine hufanya kinyume: anafungulia mpira wa maji usiku kucha ili udongo ushuke wenyewe. Kwa mchanga mtupu inasaidia kiasi; kwa udongo mwekundu unapata tope.

Finyanga donge mkononi. Likishikana bila kulowesha kiganja, na likianguka kutoka usawa wa kiuno likavunjika vipande vichache, anza kushindilia. Kila tabaka lisizidi milimita 150 likishashindiliwa, na lipimwe kabla ya lingine kumwagwa: unachimba kishimo, unapima uzito wa udongo uliotoka na unyevu wake, unakijaza mchanga mkavu ambao uzito wake kwa ujazo unaujua, ili upate ujazo wa kishimo. Tunatafuta asilimia 95 ya msongamano wa juu kabisa wa udongo mkavu uliopatikana maabara. Kupima tabaka la juu pekee hakusemi lolote kuhusu yale yaliyofunikwa chini yake.

Kuna ukaguzi mwingine usiohitaji chombo. Chumba cha mita 4 kwa 5, kina cha sentimita 60, ni mita 12 za ujazo. Udongo uliolegea hupungua kama moja ya tano au zaidi ukishindiliwa, kwa hiyo lazima ziingie angalau mita 15. Zikiingia 12 na chumba kikajaa, hapakushindiliwa.

Kariakoo, ambako ukuta wa jirani uko umbali wa shubiri, rola kubwa la kutetemesha lisiingie. Tumia kompakta ndogo ya kusukuma, punguza unene wa tabaka, na piga picha nyufa za jirani kabla ya kuwasha mashine.

Pendekezo langu kwa semina hii linahusu mkataba. Leo fundi analipwa kwa lori lililomwagwa, ndiyo maana haraka yake yote ni kumwaga. Alipwe kwa mita za ujazo zilizoshindiliwa, tabaka kwa tabaka, baada ya kipimo kusainiwa na mhandisi wa mradi, na gharama ya kipimo iandikwe upande wa mwenye jengo.