MFUA CHUMA NA BUNDUKI YA MUWINDAJI

Mazungumzo ya redio kwa ajili ya familia zilizokimbia vita na kwa viongozi wa Yanonge na vijiji vya jirani. Yamechapwa ili yasomwe kwa sauti katika vikundi, makanisani na barazani kwa sefu. Maswali ya kujadiliana yako mwishoni.

Ndugu wasikilizaji, akina mama na akina papa, wazee wetu na vijana wetu, ninyi mlio senta ya Yanonge na ninyi mlio vijijini kando ya mto na ndani ya msitu, ninawasalimu wote. Na ninyi mliofika kwetu mkiwa na mikeka kichwani na watoto mgongoni, ninawasalimu pia. Hamko wageni. Ninyi ni ndugu waliopatwa na shida.

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo watu wengi wanalifanya usiku, na wachache wanalitaja mchana. Ni jambo la kupeleka bunduki kwa mfua chuma ili aitengeneze, au aigeuze iwe kitu kingine.

Ninajua kwamba katika nyumba nyingi za huku iko bunduki ya kuwindia. Pengine ni kalibre 12 ya kiwanda, aliyoiacha babu. Pengine ni ile tunayoiita pupu, iliyofuliwa hapa hapa kijijini kwa bomba la chuma na mbao ya msituni. Kule Tanzania wawindaji wana gobore, nalo ni ndugu yake. Bunduki hiyo imelisha watoto. Imelipa karo ya shule na dawa ya malaria. Kwa hiyo leo sikuja kuwaambia kwamba kila mwenye bunduki ni mtu mbaya. Mwenye kusema hivyo hajalala na njaa msituni.

Lakini sikilizeni. Tangu mwezi wa pili wa mwaka 2023, ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na ndugu zetu Walengola ulipowaka Lubunga, ng'ambo ya pili ya Kisangani, bunduki zile zile za nyama zilionekana pamoja na mapanga na mishale mikononi mwa watu wanaotafuta watu. Nyumba zilichomwa. Maelfu walikimbia. Wengi wa watu hao hawakuwa askari. Walikuwa majirani waliokuwa wakiuziana samaki na mihogo sokoni.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme yuko papa mmoja, tumwite Papa Muwindaji. Amekimbia, analala kwa shemeji yake na watoto watano. Bunduki yake ni ndefu, inaonekana, watu wanaiogopa. Rafiki anamwambia: «Iko fundi mmoja. Ataikata mdomo, ataifupisha, utaiweka chini ya koti kama bastola. Hakuna atakayejua.» Papa Muwindaji anaona ni shauri zuri. Anafikiri: nitakuwa salama, na familia yangu itakuwa salama.

Ndugu yangu, tuhesabu pamoja kama atakuwa salama.

Kwanza, bunduki iliyokatwa haiwindi tena. Changarawe za risasi zinatawanyika karibu, mnyama wa mbali anakwenda zake. Kile chombo kilicholeta nyama kimekufa, na kilichozaliwa mahali pake kina kazi moja tu, kupiga mtu aliye karibu. Kila atakayeiona atajua hivyo, hata kama wewe moyoni unasema ni ya kujilinda.

Pili, chuma kina subira yake. Risasi inapowaka, ndani ya bomba kunakuwa na nguvu kubwa sana. Bomba la kiwanda lilipimwa kwa nguvu hiyo. Bomba la maji, au la usukani wa gari la zamani, halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Linaweza kuvumilia mara kumi, na mara ya kumi na moja likapasuka mbele ya uso. Ni vidole, ni jicho, na hospitali iko mbali kwa pirogi. Na chombo kifupi kilichofichwa chini ya nguo kinaweza kufyatuka mtoto anapokuvuta shati.

Tatu, iko sheria. Sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 mwezi wa tisa 1985, inayohusu silaha na risasi, inadai kibali. Mtu mwenye bunduki ya kuwindia na karatasi yake anaweza kujieleza mbele ya mkubwa. Mtu mwenye bunduki iliyokatwa, namba imefutwa kwa tupa, atajieleza namna gani? Hata kama hakuua hata kuku, kile chuma kinasema mahali pake.

Nne, na hii ndiyo kubwa: jirani atajua. Kijijini hakuna siri ya miezi miwili. Akijua, naye atamtafuta fundi. Leo iko moja, kesho ziko kumi, na siku ya ulevi au ya ugomvi wa shamba hakuna atakayeuliza nani alianza. Hivyo Papa Muwindaji alitafuta usalama wa nyumba moja, akaharibu usalama wa kijiji kizima, na nyumba yake imo ndani.

Sasa tuje kwa fundi mwenyewe.

Wazee wanajua kwamba katika nchi yetu hii, toka Isangi mpaka Yangambi, mfua chuma hakuwa mtu mdogo. Zamani Walokele, Waturumbu na Watopoke walikuwa na vyuma virefu mfano wa mkuki, karibu na urefu wa mtu, vilivyoitwa liganda. Havikuwa vya kupigania. Vilikuwa mali, vilikuwa mahari. Kijana alipotaka mke, chuma kilikwenda kwa wakwe, na ukoo mbili zikawa ndugu. Mkono wa mfua chuma ulikuwa unaunganisha watu. Tujiulize leo mkono huo unafanya nini.

Basi ukiwa na bunduki ya kuwindia yenye karatasi, na kitako chake kimevunjika, utamjuaje fundi wa kuaminika? Nitawapa alama tano.

Moja: anafanya kazi mchana, mlango wazi, watu wanapita wanamuona. Fundi wa usiku ana sababu ya usiku.

Mbili: anauliza kabla ya kupokea. Bunduki ni ya nani? Karatasi iko wapi? Imetolewa risasi? Asiyeuliza neno anataka feza tu, na kesho atampokea vilevile adui yako.

Tatu: anatengeneza kilichovunjika, hageuzi. Kitako, sawa. Kukata mdomo, hapana. Kufuta namba, hapana. Fundi anayekukatalia neno moja ni bora kuliko fundi anayekubali yote. Kile alichokukatalia wewe, atamkatalia na mwingine.

Nne: anakuambia ukweli juu ya chuma. Akiona bomba limechoka anasema: «Papa, hii imekufa, usiipige tena,» hata kama anapoteza kazi.

Tano: anajulikana kwa sefu na kwa watu wa pande zote mbili. Kama anatengenezea kabila moja tu, huyo si fundi tena, ni karakana ya vita.

Nanyi wafua chuma mnaonisikiliza, ninajua maneno yenu. Mtasema: «Tukikataa, tutakula nini?» Ni swali la haki. Lakini panga la shamba, jembe, kisu cha jikoni, ndoana kubwa ya samaki, baiskeli iliyovunjika, vyote vinahitaji mkono wako. Kule Msumbiji, vita vya miaka 16 vilipokwisha mwaka 1992, bunduki zilibaki zimezikwa kila mahali. Mwaka 1995 Baraza la Wakristo la nchi ile, pamoja na Askofu Dinis Sengulane, lilianza kazi ya kubadilisha silaha kuwa majembe. Mtu alileta bunduki, akapewa jembe, au baiskeli, au cherehani. Bunduki zilikatwa vipande, na mafundi wakafanya viti na sanamu kwa vipande hivyo. Kiti kimoja, alichokitengeneza fundi aitwaye Kester mwaka 2001, kiko London katika jumba la British Museum. Hata kwetu Katanga, miaka ya 2000, shirika la makanisa PAREC lilitoa baiskeli kwa watu walioleta bunduki. Msumeno unaokata bunduki kwa ajili ya vita ndio unaoikata kwa ajili ya amani. Tofauti ni mkono na moyo.

Ninyi viongozi, masefu wa vijiji na wa grupema, wachungaji, makatekista, maimamu, kwenu nina maneno machache. Msingoje damu ndipo muite mkutano. Waiteni wafua chuma wote, wa kila kabila, wakae pamoja waapiane mbele ya watu: hakuna kukata, hakuna kufuta namba, hakuna kazi ya usiku. Mtu akitaka kurudisha silaha, asiende peke yake na bunduki begani, atapigwa risasi njiani au atafungwa. Tangulieni ninyi mkaongee na wakubwa wa serikali na programu ya P-DDRCS, iliyoundwa mwaka 2021, halafu msindikizeni mtu huyo. Na yule aliyeleta msimtaje sokoni. Ukimwaibisha wa kwanza, wa pili hatakuja.

Ninasikia mama mmoja anasema: «Wewe wa redio unasema vizuri, lakini mimi niliona nyumba yangu ikiungua. Unataka mume wangu akae mikono mitupu?» Mama, sikucheki, wala sitakudanganya kwamba neno la redio linazuia panga. Lakini Kisangani yetu imeona silaha. Iliona mwaka 1964. Iliona mwaka 1997. Iliona mwezi wa sita wa mwaka 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana ndani ya mji siku sita, na waliokufa wengi walikuwa raia wasio na ugomvi nao. Kama silaha nyingi zingeleta usalama, hakuna mji ungekuwa salama kuliko Kisangani. Kilichookoa watu wengi ni mtu aliyefungua mlango: jirani wa kabila jingine aliyeficha watoto, mwenye pirogi aliyevusha bila kuuliza feza. Mume wako asikae mikono mitupu. Ashike mkono wa jirani huyo, washirikiane kulinda kijiji kwa macho, kwa ngoma, kwa kupeleka habari mapema kwa sefu na polisi.

Ndugu wasikilizaji, mtu akikuambia «iko fundi atakayekugeuzia,» muulize: atageuza bunduki, au atanigeuza mimi? Tukutane juma lijalo. Mungu awalinde, mulale salama.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mfano wetu, Papa Muwindaji aliogopa nini? Hofu yake ilikuwa na haki? Kijiji kingemsaidia namna gani?
2. Wafua chuma wa kwetu wanapata wapi kazi? Tunaweza kuwapa kazi gani ili wasishawishiwe?
3. Mtu akitaka kurudisha silaha leo, nani angeaminiwa na pande zote kumsindikiza?
4. Akina mama wanajua mengi juu ya silaha zilizo nyumbani. Wanapewa nafasi ya kusema?