Hesabu ya Kunukuliwa: Mhadhara wa Kukabidhiwa Kiti cha Saikolojia



Ni desturi ya tangu zamani kwamba anayekabidhiwa kiti cha uprofesa huulizwa ameandika nini. Lakini siku hizi, kabla hajajibu, hutangulizwa swali jingine, nalo ni kwamba hayo aliyoyaandika yamenukuliwa na wenziwe mara ngapi. Swali hili lilipata chombo chake mwaka 1964, Eugene Garfield alipotoa kule Philadelphia faharasa ya nukuu za sayansi, ambayo makusudio yake yalikuwa kumwezesha mtafiti kuifuata fikra kutoka makala moja hata nyingine. Na mwaka 2005 Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California, akaongeza kipimo chake mashuhuri, ambacho kwacho mwenye makala 30 zilizonukuliwa kila moja angalau mara 30 hupewa daraja ya 30. Chombo cha kutafutia kikageuka mizani ya kuwapimia watu, nami nataka tutazame, kwa habari za mtu mmoja tu, mizani hiyo inapima kitu gani.

Hans Eysenck alizaliwa Berlin mwaka 1916, akaihama Ujerumani ya Wanazi angali kijana, akapata elimu yake London na humo akafundisha kwa miaka mingi katika Taasisi ya Magonjwa ya Akili. Alipofariki mwaka 1997 alikuwa akinukuliwa majaridani kuliko mwanasaikolojia yeyote mwingine aliyekuwa hai; na Steven Haggbloom na wenzake walipowapanga wanasaikolojia mashuhuri wa karne ya 20, katika utafiti wao wa mwaka 2002, kwa hesabu ya nukuu alikuwa wa 3, nyuma ya Freud na Piaget.

Sifa hiyo hakuipata bure, wala si insafu kumnyima. Makala yake ya mwaka 1952, iliyodai kwamba hapana ithibati kuwa tiba ya mazungumzo huwaponya wenye maradhi ya nafsi kuliko wanavyopoa wenyewe kwa kupita siku, iliwaghadhibisha matabibu wengi, nao katika kutaka kumkanusha wakalazimika kufanya majaribio yaliyo bora zaidi. Yafaa tutue hapa: kila aliyemkanusha alimnukuu, na faharasa, isiyokuwa na jicho la kutenga sifa na lawama, ikamwandikia nukuu moja zaidi. Mimi naihesabu makala hiyo miongoni mwa zenye manufaa makubwa katika fani yetu, ingawa hukumu yake haikusimama. Na tarakimu haiwezi kunieleza lolote katika hayo mawili.

Jambo zito ni la baadaye. Akishirikiana na Ronald Grossarth-Maticek wa Heidelberg, naye Eysenck mwenyewe akipokea fedha za makampuni ya sigara ya Marekani, alichapisha makala zilizodai kwamba wenye tabia fulani wana hatari ya kufa kwa saratani zaidi ya mara 100 kuliko wengine, na kwamba hata kijikaratasi cha nasaha chaweza kuwaokoa. Madaktari wa magonjwa ya akili Anthony Pelosi na Louis Appleby walizitilia shaka hadharani mwaka 1992, wala hapana aliyechukua hatua. Ilikuwa mwaka 2019, Pelosi alipoandika tena, ndipo King's College London ikatamka kwamba makala 26 za ushirika ule si za kutegemewa, na mwaka uliofuata majarida yakazifuta 14. Nasema haya kwa uchungu, kwa kuwa mgonjwa aliyeambiwa kwamba saratani yake imetokana na tabia yake alibebeshwa lawama juu ya maumivu.

Lakini iko njia nyingine ya kupima. Wanazuoni wa hadithi za Mtume, ambao ilimu yao imekaa pwani yetu kwa karne nyingi, hawakuridhika na wingi wa wasimulizi, bali walimchunguza kila mmoja katika sanadi, yaani mnyororo wa wapokezi: uadilifu wake na hifadhi yake, na alipokea kwa nani. Uchunguzi wa namna hiyo ndio niutakao katika vyuo vyetu, ambako kupanda cheo hupimwa mno kwa idadi ya machapisho: kamati na izisome makala 3 alizozichagua mwandishi mwenyewe, na moja ya aliyempinga, kisha iulize data ziko wapi na ni nani aliyeurudia utafiti ule akaona vile vile. Kazi hiyo itawachukua wanakamati majuma kadhaa, nami niko tayari kuwa wa kwanza kusomwa hivyo.