Mizani Mpya Nayo Ijaribiwe
Hotuba ya afisa wa vipimo kwa wakazi wa Jomvu Kuu



Hapa Jomvu twaishi kando ya barabara kuu. Malori ya bandarini yatupita usiku na mchana kuelekea mizani ya Mariakani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2013 imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori zima, na kila ekseli ina kikomo chake. Wahandisi hukadiria kuwa ekseli ikizidishiwa mzigo kwa asilimia 20, madhara kwa lami huwa karibu maradufu. Mashimo hayo twayalipia sote. Lakini dereva akitozwa faini kwa mizani yenye kasoro, naye amedhulumiwa.

Siku hizi kuna vihisio vya faiba vya kupima magari. Faiba ni uzi wa kioo, kama ule unaoleta intaneti. Mwanga hupita ndani yake. Mzigo ukiubana au kuuvuta uzi, mwanga hubadilika, na kompyuta husoma badiliko hilo kuwa uzani. Kioo hakishiki kutu kwa chumvi ya bahari, wala hakisumbuliwi na nyaya za umeme. Ila joto nalo huathiri uzi. Jua la saa saba laweza kusomwa kama mzigo! Ndiyo maana huwekwa uzi wa pili usiobeba kitu, upime joto peke yake, hesabu isahihishwe.

Kwa hivyo upya wa kifaa si ushahidi. Kijaribiwe kwa mawe ya uzani unaojulikana, yaongezwe kidogo kidogo kisha yapunguzwe, na majibu yalingane. Mzigo uleule upimwe mara nyingi: katikati na pembeni, asubuhi na adhuhuri. Uachwe juu kwa muda, namba isisogee. Ukiondolewa, mizani irudi sufuri. Mwisho, lori ambalo uzani wake umeshathibitishwa lipite kwa mwendo tofauti.

Mizani ya dukani ni vivyo hivyo. Sheria ya Uzani na Vipimo, Sura 513, yataka ikaguliwe na kupigwa muhuri. Ukinunua nyama au ukiuza vyuma chakavu, tazama kwanza sufuri, kisha muhuri. Ukiwa na shaka, fika ofisi ya vipimo ya kaunti. Kuuliza ni haki yako.