Ushahidi Kabla ya Uzuri: Kukisia Thamani ya Samani za Wasanifu wa Karne ya 20 Mnadani



Nitazungumza juu ya kazi ambayo wengi huidhania kuwa ni ya matajiri wa Paris na New York peke yao, nayo ni kukisia thamani ya samani zilizobuniwa na wasanifu mashuhuri wa karne ya 20 pindi zinapopelekwa mnadani. Rai yangu ni kwamba mthamini ni shahidi kabla ya kuwa mwamuzi wa uzuri, na kwamba kima anachokitaja hakiwezi kuwa na nguvu zaidi ya ushahidi alioukusanya juu ya asili ya kitu, mikono kilimopitia, na hali kilichomo. Nitaanza na mfano wa viti vya Chandigarh, kisha nitaeleza mwenendo wa kazi yenyewe.

1. Viti vya Chandigarh

Bara Hindi lilipogawanywa mwaka 1947, na mji wa Lahore ukaangukia upande wa Pakistan, Punjab ya India ilibaki bila ya makao makuu. Ndipo serikali ya Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru ilipoazimia kujenga mji mpya, Chandigarh, ikamwita msanifu Le Corbusier, naye akafuatana na binamu yake, Pierre Jeanneret, ambaye alidumu huko tangu mwaka 1951 hadi 1965, akiisimamia kazi siku kwa siku ilhali mwenziwe alikuwa akija na kuondoka. Ofisi, mahakama, maktaba na madarasa ya mji huo yalihitaji viti na meza kwa maelfu, na Jeanneret pamoja na wasaidizi wake, miongoni mwao Bibi Eulie Chowdhury, wakabuni samani za msaji na henzirani, vitu vilivyopatikana kwa wepesi na kustahimili joto la nchi ile. Kiti cha ofisini kilichopata sifa kuliko vyote kina miguu ya mbavuni iliyokutana juu na kupanuka chini, mfano wa bikari iliyofunguliwa, na mgongo wake umesukwa henzirani.

Miaka ikapita, viti vikalegea na kuvunjika, vikarundikwa katika nyua na juu ya mapaa, na serikali ikaviuza kwa bei ndogo katika minada ya vitu chakavu. Mwishoni mwa karne wakafika wafanyabiashara kutoka Ufaransa, wakavinunua, wakavisafirisha hadi Ulaya, vikasuguliwa, vikasukwa upya, vikapigwa picha na kutiwa katika katalogi; na kiti kile kile alichokitupa karani kikawa kinauzwa kwa maelfu ya dola. Sheria ya India ya vitu vya kale ya mwaka 1972 kwa jumla haikihesabu kitu kuwa cha kale mpaka kitimize miaka 100, basi haikuwa na uwezo wa kuvizuia viti vya juzi. Na ni mwaka 2011 ndipo Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo ilipotoa maagizo ya kukomesha uuzaji wa samani hizo.

Sasa tujiulize: ni kitu gani kilichobadilika baina ya lundo la uwanjani na jukwaa la mnada? Mti ni ule ule, na umbo ni lile lile. Kilichozidi ni ushahidi: jina la mbunifu limeambatanishwa na kiti, michoro imepatikana, na picha za zamani zimeonyesha viti vya namna hiyo vikiwa katika vyumba vilivyokusudiwa.

2. Kukikagua kitu

Mthamini mwema hukipindua kiti kabla ya kukisifu. Viti vingi vya Chandigarh vina herufi na tarakimu zilizopakwa rangi, ambazo idara zilizitumia kuhesabia mali zao, na alama hizo zimekuwa kama sanadi ya kiti. Lakini, maadam zina faida, zimeghushiwa pia. Hivyo mkaguzi hutazama kama rangi imezama na kufifia pamoja na mti, au imekaa juu ya vanishi mpya. Na kama alama inavuka juu ya ufa uliozibwa, basi ni dhahiri kwamba imeandikwa baada ya ufa kutokea. Kadhalika vipimo: viti hivi vilitengenezwa kwa mikono katika karakana mbalimbali, kwa hiyo kutofautiana kwa upana au unene si dalili ya ghushi, bali viti kumi vinavyolingana pasipo tofauti hata ya uzi ndivyo vinavyostahili kutiliwa shaka. Henzirani mpya haiondoi thamani kubwa, kwa kuwa ni kitu cha kuchakaa; lakini mguu uliobadilishwa, au mti uliosuguliwa hata athari zote za matumizi zikatoweka, huishusha.

Samani za kiwandani zina ushahidi wa namna nyingine. Kiti cha mapumziko cha wabunifu Charles na Ray Eames, kilichotolewa na kampuni ya Herman Miller mwaka 1956, bado kinatengenezwa hata leo, na mtu asiyejua aweza kulipa bei ya kiti cha mwanzo kwa kiti cha jana. Mjuzi huhesabu tabaka za mbao, kwani za zamani ni tano na za sasa ni saba. Hutazama skrubu zilizo chini ya viegemeo vya mikono, ambazo katika viti vya awali kabisa zilikuwa tatu, na baadaye mbili. Kisha husoma kibandiko kilicho chini ya kikalio. Viti vya kale vilivikwa mbao za Dalbergia nigra ya Brazili, mti ulio jamaa ya mpingo wetu, ambao tangu mwaka 1992 umo katika orodha kali kabisa ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Kwa hiyo kiti kisicho na hati za kuthibitisha umri wake huweza kuzuiliwa mpakani, na zuio hilo mthamini hana budi kulitia katika hesabu yake.

3. Makisio, nyundo na ada

Katalogi hutaja makisio mawili, ya chini na ya juu, na nyuma yake kuna kiwango cha siri ambacho mwenye mali hakubali kuuza chini yake, nacho aghalabu hakizidi makisio ya chini. Bei inayotangazwa nyundo inapogonga siyo anayolipa mnunuzi, kwani huongezewa ada ya nyumba ya mnada; na anayelinganisha bei ya nyundo ya mnada mmoja na bei yenye ada ya mnada mwingine amejipotosha mwenyewe.

Wala makisio si utabiri. Mwezi wa Februari 2009, mjini Paris, mali ya mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent na mwenziwe Pierre Bergé iliponadiwa na nyumba ya mnada ya Christie's, kiti kilichobuniwa na Eileen Gray, chenye majoka yaliyochongwa, kilikuwa kimekisiwa baina ya yuro milioni 2 na 3, kikauzwa kwa zaidi ya milioni 21 pamoja na ada. Kiti kile kilikuwa cha pekee, mteja wake wa kwanza alijulikana, na wenyewe wa mwisho walikuwa watu wa sifa. Na wazabuni wawili wenye shauku moja hutosha kuivunja kila kanuni. Lakini haifai bei hiyo kufanywa kipimo cha viti vingine, kwa sababu tukio la nadra halithibitishi soko.

Fauka ya hayo, thamani hufuata makusudio. Kwa ajili ya bima hutakiwa gharama ya kukipata kingine mfano wake. Kwa kugawa mirathi hutakiwa bei ya haki baina ya muuzaji asiyelazimishwa na mnunuzi mwenye kujua. Na kwa mnada hutakiwa kima cha tahadhari kitakachowavuta wazabuni. Hati isiyotaja kusudio na tarehe yake ni hati pungufu, hata kama aliyeitia sahihi ni bingwa.

4. Mapendekezo

Katika nchi zetu nazo mna maofisi, mahakama na vyuo vilivyojengwa zama hizo hizo, na samani zake huuzwa kila mwaka kwa jina la vitu chakavu. Sisemi kwamba kila meza ya serikali ni johari. Nasema kwamba hapana ajuaye mpaka itazamwe. Basi napendekeza kwamba kabla ya mnada wowote wa namna hiyo, kila samani ipimwe na kupigwa picha juu na chini, alama zake zinakiliwe zisifutwe, na mikataba ya mafundi pamoja na michoro itafutwe katika makabati ya idara za ujenzi na kukabidhiwa kwenye nyaraka za taifa. Gharama ya daftari na kamera ni ndogo. Na mwenye kuuza pasipo daftari humwachia mnunuzi faida yote ya ujuzi, kama ilivyokuwa Chandigarh.