Miji ya Kale ya Pwani Yetu

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa Chama)



 Nimetakiwa kunena juu ya kutembelea miji ya kale na mahali pazuri pa pwani. Labda wengine watadhani kuwa hayo ni mambo ya wageni wenye fedha na nafasi. Mimi nasema yatupasa sisi kwanza. Lakini kabla ya kumfundisha mtu, sina budi kuungama kosa langu.

Nilipokuwa karani kijana nilipelekwa kazini Kilwa Masoko, nikakaa huko miaka minne. Kisiwa cha Kilwa chaonekana pale ng'ambo ya maji, na mashua yavuka kwa muda mfupi tu. Mzee mmoja, nahodha, alikuwa akija ofisini kwa shughuli zake, na kila alipokuja aliniuliza, "Karani, utavuka lini?" Nami nilimjibu siku zote, "Mwezi ujao, mzee wangu." Ikapita miezi arobaini na minane, nikahamishwa, wala sikuvuka.

Baada ya miaka mingi nilirudi huko katika likizo yangu, nikakuta mzee amekwisha fariki. Mjukuu wake ndiye aliyenivusha. Alinionyesha makaburi mengi, na nilipomwuliza ni ya kina nani, alijibu, "Babu ndiye aliyejua." Mabwana na mabibi, jibu hilo ndilo lililonisimamisha mbele yenu leo.

Na niliona nini kisiwani? Niliona Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa katika karne ya 11 na kuongezwa katika karne ya 14, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, wenye kuba na matao. Juu ya jabali la bahari niliona magofu ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea la pembe nane. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji ule kuwa miongoni mwa miji iliyo mizuri. Utajiri wake ulitokana na dhahabu iliyopitia Sofala, nao ulikuwa na sarafu zake wenyewe za shaba. Mwaka 1505 Wareno waliushambulia na kuupora, wakajenga ngome. Mwaka 1512 wakaondoka.

Magofu hayo, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliandikwa kuwa yamo hatarini, maana mvua na mawimbi yalikuwa yakiyala. Kazi kubwa ikafanywa, na mwaka 2014 yakatolewa katika hatari hiyo. Basi twaona kuwa ukuta ukitunzwa waweza kuokoka. Lakini habari zilizomo kifuani mwa mzee haziwezi kupigwa chokaa.

Wala si lazima mtu aende hadi Kilwa. Aliye Dar es Salaam aweza kwenda Kunduchi na kurudi siku hiyo hiyo, akaona makaburi ya nguzo. Au aende Bagamoyo, safari ya kilomita 70 hivi. Huko ndiko misafara ya pembe na ya watumwa ilikoishia kutoka bara. Na huko, mwaka 1874, Chuma na Susi na wenzao waliufikisha mwili wa Livingstone, baada ya kuuchukua kwa miguu kutoka nchi iitwayo leo Zambia. Karibu na mji yako magofu ya Kaole, msikiti na makaburi yake.

Aliye Tanga ana Tongoni, kwenye njia ya Pangani. Penye miamba ya bahari karibu na hapo chombo kimoja cha Vasco da Gama kilipanda mwamba mwaka 1498. Akiendelea mbele atafika Pangani, mahali aliponyongwa Abushiri bin Salim, aliyewapinga Wajerumani, mwezi wa Desemba 1889. Mtu akiamka alfajiri, kabla jua halijawa kali, akasimama hapo mto unapoingia baharini, akaona minazi ng'ambo na ngalawa zikirudi kutoka uvuvini, hatajutia nauli yake.

Sasa nina mashauri machache. Epukeni miezi ya masika. Tangu Juni hadi Oktoba mvua ni chache. Ombeni ruhusa panapotakiwa, na ufikapo kijijini uwaamkie wazee kwanza, kisha ndipo uulize njia. Msing'oe hata kipande kimoja cha jiwe. Katika makaburi mengi ya nguzo mtaona mashimo matupu: hapo palikuwa na bakuli na sahani za Kichina, zikang'olewa na watu waliotaka ukumbusho. Na la mwisho, chukueni daftari. Karani hapokei barua bila kuandika tarehe na jina la mwenye kuileta. Basi tufanye vivyo hivyo kwa maneno ya wazee: nani aliyesema, siku gani, mahali gani.

Naleta shauri kwamba kila tawi la Chama lifanye safari moja kila mwaka kwenda mahali pa kale palipo karibu nalo, na habari zitakazopatikana zichapwe katika gazeti letu. Maana majuto ni mjukuu, nami mjukuu huyo nimemwona kwa macho yangu, amenishika mkono kati ya makaburi yasiyo na majina.