SHUBAKA LA MTOTO
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Nilipoombwa kusema neno juu ya utaratibu wa watoto wetu katika mwaka wa shule, nilitaka kukataa, kwa maana mimi si mwalimu. Mimi ni karani wa masjala. Lakini nilikumbuka jambo lililonipata nyumbani mwangu, nikaona yafaa nilieleze, ijapokuwa lanitia haya.

Ninyi mnaijua kazi ya masjala. Barua ikiingia hupigwa mhuri wa tarehe, huandikwa daftarini, hutiwa katika jalada lake, na jalada likitoka huandikwa limekwenda kwa nani. Barua ikipotea, hatuanzi kwa kumlaumu tarishi. Twauliza kwanza, ilipoingia iliwekwa wapi? Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, nami nilizoea kujisifu kwamba sijapata kupoteza waraka hata mmoja. Kumbe mganga hajigangi.

Siku moja mwanangu wa darasa la tano alirudi kutoka shuleni akilia. Alikuwa ameadhibiwa kwa kuwa hakupeleka hesabu alizopewa. Nilimwuliza kwa ukali, akajibu, “Baba, nilizifanya, ila asubuhi daftari sikuliona.” Nikamwita mzembe, tena mwongo. Mama watoto alikuwa akisikiliza. Hakunipinga mbele ya mtoto; alingoja mpaka usiku, akaniambia, “Mwenzangu, barua za serikali umezipa mashubaka. Mtoto wako umempa shubaka gani?”

Mabwana, sikuwa na jibu. Niliitazama nyumba yangu kama mkaguzi aitazamavyo ofisi. Meza ilikuwa moja, nayo imejaa magazeti yangu. Mtoto aliandika sakafuni, mahali wadogo zake wanapochezea. Daftari tulilikuta chini ya nguo zilizongoja kupigwa pasi. Nililifungua, nikazipitia hesabu zile moja moja. Zote zilikuwamo, na zote zilikuwa sawa.

Asubuhi nilimtaka mtoto radhi. Wako watakaosema kwamba hiyo si desturi ya mzazi. Nami nasema kwamba karani aliyeandika kosa hulisahihisha kwa kalamu yake mwenyewe.

Katika kukagua huko likafunuka na jambo la pili. Dada yake, aliye mbele yake kwa darasa moja, hakuwa akilalamika kamwe. Kumbe alianza kusoma saa tatu na nusu usiku, baada ya kupika na kuosha vyombo, wakati sisi wengine tukienda kulala. Ndugu zangu, twawahimiza binti zetu washinde mitihani, na huku saa zao tumekwisha zitumia jikoni.

Basi tulifanya hivi. Kwanza, kila mtoto alipewa sanduku lake dogo la mbao, lisiloguswa na mwingine, la madaftari, vitabu na kalamu. Pili, tangu saa kumi na mbili na nusu hata saa mbili kasorobo jioni, meza ni ya watoto. Magazeti huondoka, redio huzimwa, na simu yangu huwekwa chumbani. Kwa maana mtoto hawezi kuamini kwamba kusoma ni kazi ya maana iwapo baba yake anacheka na simu kando yake. Tatu, kazi za nyumbani ziligawanywa kwa zamu, kijana naye akaosha vyombo. Nne, mkoba hufungwa usiku, si asubuhi, na sare hutundikwa tayari. Tano, ukutani tumebandika kalenda yenye tarehe za kufungua na kufunga shule, na za mitihani, ili mtihani usije kama mgeni asiyetazamiwa.

Usingizi nao ni sehemu ya utaratibu. Waganga husema kwamba mtoto wa miaka 6 hata 12 yampasa kulala saa 9 hadi 12 kila siku. Alalaye saa nne usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri amelala saa 7 tu; akisinzia darasani, tusimwite mvivu.

Lakini yapasa kujihadhari. Mwezi wa kwanza nilikagua mikoba kila usiku; mwezi wa pili, Jumamosi tu; baadaye niliwaachia wenyewe. Mzazi afungaye mkoba wa mtoto hata kidato cha nne amejifunza yeye kufunga mikoba, na mtoto hakujifunza neno.

Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali tangu elimu ya msingi hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 msamaha huo ukafika kidato cha tano na cha sita. Sare na madaftari tungali twanunua sisi, na kwa mshahara wetu si jambo dogo. Lakini hakuna waraka wa serikali utakaokuja kuondoa magazeti yangu mezani.

Sisemi kwamba kijana wangu sasa ni wa kwanza darasani, siye. Nasema tu kwamba hajarudi tena akililia daftari, na dada yake hulala saa tatu.

Basi nawasihi, shule zisijafunguliwa Januari, kila mwanachama aikague nyumba yake kabla ya kumkagua mtoto, na aulize swali lile nililoulizwa mimi.