Maswali ya Nyumbani Katika Chumba cha Usaili

Usaili, yaani mazungumzo ambayo mwajiri huyafanya na mwombaji wa kazi ili kupima kama ataimudu, una mipaka yake, na mipaka hiyo huvukwa pale jopo linapoiacha kazi kando na kuanza kuchimba habari za ndoa, mimba, kabila, dini au afya ya aliyeketi mbele yake. Kwa kijana wa Kitandililo, mkoani Njombe, anayekwenda Makambako mjini kutafuta kazi ya dukani, ya nyumba ya wageni au ya ofisini, ubaya wa maswali hayo hauonekani upesi, kwa sababu yanafanana na yale aliyokua akiyasikia.

Miongoni mwa Wabena, wenyeji wa huko, salamu ya kamwene hufungua mlango wa kuulizana habari za ukoo, wazazi na watoto, na kufanya hivyo ni utu, kwa kuwa anayeuliza naye huulizwa. Katika usaili hali ni nyingine: mmoja ameshika ajira mkononi, mwingine anaihitaji, na aliyelelewa kutomkatalia mkubwa hujikuta akieleza asiyopaswa kueleza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Namba 6 ya mwaka 2004, imeliona jambo hili. Kifungu chake cha 7 kinakataza ubaguzi, yaani kumtenga mtu kwa sababu isiyohusiana na kazi, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kabila, dini, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu na Virusi vya UKIMWI. Jambo la kushika ni kwamba kifungu hicho kinamhesabu mwombaji kazi kuwa mfanyakazi, hivyo kinga yake huanza kabla hajasaini mkataba wowote.

Kinga hiyo ina uzito wa pekee mkoani Njombe, ambako utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulikuta maambukizi ya Virusi vya UKIMWI kwa watu wazima yakiwa asilimia 12.7, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.4. Mahali ambapo familia nyingi zimeguswa, swali la "umeshapima?" likiulizwa mezani pa ajira linaweza kumfungia riziki mtu mwenye nguvu na ujuzi, anayetumia dawa na kuamka kila siku kwenda shambani.

Mwajiri naye ana hofu yake, maana sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi aliyejifungua likizo yenye malipo ya siku 84, na mwenye duka dogo huwaza nani atakaa kaunta muda huo. Hata hivyo, hofu hiyo haihalalishi kumuuliza binti atazaa lini, kwa kuwa anachohitaji kujua mwajiri ni saa za kazi na uwezo wa kuzitimiza. Ndiyo maana anayeulizwa, "Umeolewa? Mtoto utamwacha na nani?" anaweza kujibu kwa heshima: "Naomba kufahamu zamu zikoje, ili nieleze nitakavyozitimiza." Jibu hilo halimvunjii mtu heshima, nalo hulirudisha swali kwenye kazi.

Anayeamini kwamba amenyimwa kazi kwa sababu ya ubaguzi anafaa kuandika mapema maneno aliyoulizwa, tarehe na waliokuwepo, kwani malalamiko ya aina hiyo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha migogoro ya kazi, ndani ya siku 60.

Mzigo huu, hata hivyo, hauwezi kuachwa mabegani mwa mwenye shida ya kazi peke yake. Jopo linalojiheshimu huandika maswali yake kabla mwombaji wa kwanza hajaitwa, huwauliza wote yale yale, wanaume kwa wanawake, na hufuta kila swali ambalo wajumbe wenyewe hawawezi kusema linapima sehemu gani ya kazi iliyotangazwa.